Ngoja nimpigie bibi



Mwaka 2009 katuni ya Kimarekani, South Park, ilifanyia mzaha jambo hili: watoto wanawarushia waendesha pikipiki wapiga kelele tusi la kuwadhalilisha mashoga, halafu wanashangaa watu wakikasirika. Kwao neno limeshabadilika maana. Nilicheka, kisha nikakumbuka nyumbani.

Sumbawanga, kwa Kifipa, tunaambiwa ni "tupa uchawi". Lakini chuoni, mbali na Rukwa, nikitaja tu ninakotoka mtu anaruka pembeni: "Usimguse huyo, utaamka juu ya paa!" Jina la kuutupa uchawi limegeuka jina la uchawi wenyewe. Na mimi, jamani, nililitumia. Mtu akinizingua namwambia, "Ngoja nimpigie bibi." Niliona ni utani tu, neno halina makali tena.

Likizo nikamkuta bibi hatoki nje jioni. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, na vijana wa kijiweni walimwita mchawi. Eti walikuwa wanatania. Nchi hii hii vikongwe wameuawa kwa neno hilo, kisa macho mekundu.

Katika Mathayo 5:22 Yesu analiweka tusi karibu kabisa na kuua. Zamani niliona amezidisha. Sasa najiuliza, nani wa kusema neno limeisha makali: anayelirusha, au bibi?

Jumamosi nilienda kuungama. Bibi mwenyewe bado sijamwambia.