Hadhari ya Jasusi na Haki ya Jirani

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: je, yafaa mtu wa mjini kujifunza ujuzi wa majasusi ili ailinde nafsi yake na watu wa nyumba yake? Swali hili limeletwa na vitabu vya watu waliokwisha acha kazi hiyo. Mmoja wao, Jason Hanson, aliyekuwa mtumishi wa CIA ya Marekani, alitoa kitabu mwaka 2015 kuwafunza raia namna ya kumtambua anayewafuata na namna ya kujifungua wakifungwa mikono.

Ujuzi huu una mambo mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni hadhari tupu: mtu asishike njia moja saa ile ile kila siku, asitembee ameinamia simu, na akimwona mtu yule yule mara ya tatu katika mitaa mbalimbali, asimwongoze hadi nyumbani kwake, bali aingie penye watu. Katika haya hatuoni ubaya. Katika Hijra ya mwaka 622, Madina iko kaskazini ya Makka, naye Mtume (s.a.w.) alitoka kuelekea kusini, akakaa siku tatu katika pango la Thaur. Abdullahi bin Abubakar akileta habari za mji usiku, na Amir bin Fuhaira akipitisha mifugo juu ya nyayo zake. Mwenye kudhani kuwa tawakkul ni kuacha mlango wazi, sira hajaisoma.

La pili ni hila juu ya watu. Jasusi hufunzwa kufanya urafiki kwa ajili ya haja, hata kila amwonaye akawa ama hatari ama chombo. Wako wasemao kuwa mambo haya hayatengani. Basi na wamtazame Noor Inayat Khan, binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka India, aliyepelekwa Ufaransa na idara ya siri ya Waingereza mwezi Juni 1943. Baadhi ya wakufunzi wake walimtilia shaka, kwani udanganyifu ulimwia mzito. Alipokamatwa, Wajerumani walikuta daftari lenye nakala za habari alizozituma, wakalitumia kuwahadaa wakubwa wake London. Na Septemba 1944 wakamwua Dachau. Lililowapa adui njia ya kuwahadaa wakubwa wake ni daftari, nalo ni upungufu wa hadhari. Ukweli wake haukuandika daftari lile.

Wala hatusemi kuwa uwongo hauna rukhsa kabisa. Ghazali na Nawawi wamebainisha kuwa yafaa kumficha mwenye kudhulumiwa kwa maneno yasiyo kweli. Basi mwanamke aliye peke yake, akagongewa mlango usiku na asiyemjua, akasema mumewe yumo ndani, hana lawama. Ama tapeli anayepiga simu kuuliza namba ya siri ya fedha, huyo hana haja ya kudanganywa, akatiwe simu.

Tunaloliogopa ni jirani. Wazee wa barazani katika mitaa yetu humtambua mgeni kabla hajafika kona ya pili, na wafanya hivyo kwa sababu waaminiana. Kila mmoja akianza kumpeleleza mwenziwe, baraza litakuwa tupu, na mwizi atapita. Kwa hiyo kamera iliyotundikwa mlangoni na itazame kizingiti cha mwenyewe. Ikitazama uani kwa jirani, hiyo ni tajasusi iliyokatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, na mwenyewe yampasa aigeuze, hata ikiwa hajaona kitu.