Fungu la Jirani



Sikukuu ya Kuzaliwa Mwokozi i karibu, na kina mama wameanza kuhesabu unga na sukari. Mwaka huu nataka kusema habari za kokoa.

Huko Kyela, penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mti huu humea kivulini mwa migomba. Watoto hufyonza ute mweupe wa tunda lake, maana ni mtamu. Mbegu ni chungu. Wazazi huzivundika mbegu siku 5 au 6 chini ya majani ya mgomba, huzianika, huziuza, nazo huvuka bahari. Wako watoto waliokulia chini ya mti huo wasioijua ladha ya chokoleti.

Walakini yaweza kufanywa nyumbani. Kaanga mbegu kavu kwa moto mdogo, pepeta maganda, uzitwange katika kinu kilichoanikwa juani hata kikapata moto. Usitie maji kamwe! Karibu nusu ya mbegu ni mafuta yake yenyewe; twanga bila kuchoka, nao unga utageuka kuwa uji mzito, lakini matone machache ya maji huuharibu. Tia sukari iliyosagwa laini, fanya vidonge, uviache vipoe usiku. (Mkaao mbali na Kyela, kashata za nazi zatosha.)

Basi, someni Nehemia 8. Watu walilia waliposikia Torati. Wakakatazwa kulia, wakaagizwa kula na kunywa vitamu, na kuwapelekea mafungu wasio na kitu. Angalieni, agizo la kupeleka lilitolewa pamoja na agizo la kula, wala halikungoja watu washibe. Sisi hula kwanza, kisha twatazama kilichosalia chunguni. Nacho, tuseme kweli, ni makombo.

Tena twapeleka mchana, mbele ya watu. Mjane husimama mlangoni akishukuru, na watoto wake wakitazama. Siku ile hujifunza kwamba utamu hutoka nyumba za wengine.

Kwa hiyo nawasihi, lifanyeni fungu la jirani kwanza, kabla hamjaonja. Lifungeni katika jani la mgomba, mlipeleke usiku wa kuamkia sikukuu, kimya, watoto wakiisha kulala, akabidhiwe mama peke yake. Asubuhi atawagawia kwa mkono wake mwenyewe.