Fahali na Binti Yake

Kumpandisha fahali kwa binti yake mwenyewe ni jambo la zamani katika ufugaji wa ng'ombe wa nyama, na swali linaloandamana nalo lina umri uleule: je, kuna kosa linalotendeka hapo? Mfugaji anayefanya hivyo kwa mpango hatafuti ndama tu. Ana fahali aliyethibitika, mwenye kwato nzuri na watoto wanaonenepa kwa majani matupu, naye anataka damu ya fahali huyo isiyeyuke hata atakapokuwa amechinjwa. Ndiyo maana humrudisha kwa mabinti na wajukuu zake, au huwapandisha ndugu wa baba mmoja, kizazi baada ya kizazi, akichuja wanaofaa na kuwaondoa wasiofaa.

Robert Bakewell wa Dishley, katika jimbo la Leicestershire nchini Uingereza, aliifanya njia hii kuwa kazi ya kitaalamu katika karne ya 18. Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Charles Colling wa Ketton alimpandisha fahali wake Favourite kwa Phoenix, mama aliyemzaa, akapatikana mtamba aliyeitwa Young Phoenix. Kisha Favourite akapandishwa kwa huyo mtamba, bintiye ambaye pia alikuwa dada yake kwa mama. Mwaka 1804 akazaliwa Comet, na mwaka 1810 Comet akauzwa gini 1,000. Mwaka 1922 Sewall Wright, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, alitoa kipimo cha ukaribu wa namna hii, ambacho leo hufasiriwa kuwa ni uwezekano kwamba nakala mbili za kinasaba alizonazo mnyama, ya baba na ya mama, zimetoka kwa mzee mmoja. Ndama wa baba na binti hupata asilimia 25. Comet anafika asilimia 37.5 kabla hata ya kuhesabu udugu uliokuwamo katika nasaba ya Favourite mwenyewe.

Pingamizi la kwanza linatoka kwenye miiko ya ndoa. Sura An-Nisaa, aya ya 23, inawataja mama, mabinti, dada, shangazi na dada wa mama miongoni mwa walioharamishwa, na sura ya 18 ya Mambo ya Walawi ina orodha inayokaribiana nayo. Amri hizo zinawahusu wenye kukalifishwa, yaani watu wenye akili na wajibu wa kutii, na fahali hayumo. Sheria ya Torati inayogusa upandishaji wa mifugo, Walawi 19:19, inakataza kukutanisha wanyama wa aina mbili. Juu ya wanyama wa damu moja haisemi neno. Kwa maandiko hayo, anayepaswa kujieleza kwanza ni mzalishaji wa nyumbu, si Colling.

Hata hivyo watu wengi husumbuliwa moyoni, na wanafalsafa walijaribu kuutafutia usumbufu huo ushahidi kwa wanyama wenyewe. Katika kitabu chake cha habari za wanyama, Aristotle anasimulia juu ya farasi wa mfalme wa Waskithi aliyepandishwa kwa mama yake baada ya jike kufunikwa asitambulike. Kifuniko kilipoondolewa, farasi alikimbia akajitupa kwenye genge. Ovid, mshairi wa Roma, alimpa Myrrha hoja ya kinyume: wanyama hulala na baba zao bila aibu, kwa nini binadamu azuiwe? Wote wawili wanamtumia mnyama kuzungumzia mtu. Zizini mambo ni ya kawaida zaidi. Dume changa ambaye hakutengwa mapema humpanda mama yake anapokuwa kwenye joto, wala hatafuti genge.

Lililo muhimu zaidi limo ndani ya aya ileile ya 23 ya An-Nisaa, ambayo inawaharamisha pia mama wa kunyonya na dada wa kunyonya. Hao hawana damu moja na mwanamume anayekatazwa. Kama sababu ya uharamu ingekuwa hofu ya kuzaa watoto dhaifu, kunyonya kusingekuwa na uzito wowote. Kinacholindwa ni uhusiano: ulezi, heshima, na nyumba ambamo mtu anaweza kuishi bila kutamaniwa na wa kwake. Baba wa ndama hana ulezi wowote kwa ndama, na mtamba hamjui aliyemzaa. Kuuhamishia zizini mwiko wa maharimu ni kuchukua jina la uhusiano na kuacha uhusiano wenyewe nyuma.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni la madhara. Uzalishaji wa ukoo, yaani kupandisha wanyama wa damu moja, hauumbi kasoro. Unazikutanisha zilizokuwa zimejificha. Kasoro fiche haionekani kwa mnyama mwenye nakala moja, lakini wazazi wawili wanaoibeba wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuipata mara mbili. Mbali na kasoro kubwa kama hizo kuna kufifia kwa polepole: majike hukawia kushika mimba, ndama wengi zaidi hufa, ukuaji hudorora. Kuchuja kwa ukali kunaweza kupunguza hasara hiyo. Huko Fort Keogh, karibu na Miles City, Montana, ukoo wa Hereford unaoitwa Line 1 ulianzishwa mwaka 1934 kwa mafahali wawili waliokuwa ndugu kwa baba, ukafungwa usiingizwe damu ya nje. Bado unazaa. Ng'ombe jike wa ukoo huo, L1 Dominette 01449, ndiye aliyetumika kwa ramani ya vinasaba vya ng'ombe iliyotangazwa mwaka 2009, na sababu mojawapo ni kwamba nakala zake mbili zilifanana kiasi cha kurahisisha kazi.

Sasa, ndama akizaliwa na miguu iliyokakamaa, nani amedhulumiwa? Derek Parfit, katika Reasons and Persons cha mwaka 1984, alionyesha ugumu wa swali kama hili: wazazi wengine wangezaa ndama mwingine, na huyu asingekuwapo kabisa. Ni vigumu kusema ameharibiwa hali yake, maana hakuwa na hali nyingine ya kuharibiwa. Hoja hiyo huwapa faraja wafugaji wanaoitaka. Lakini haimgusi mtamba aliyebeba mimba. Yeye yupo tayari, ana mwili wake na maumivu yake, na ndama mwenye viungo vilivyokakamaa anaweza kukwama kwenye njia ya uzazi akamuua. Aliyemchagulia fahali alijua, au angeweza kujua, na mtamba hakuwa na pa kukimbilia. Kama kuna dhuluma katika uzalishaji wa ukoo, itafutwe kwa huyu kabla ya kwingine.

Mwingine anayeweza kudhulumiwa ni mnunuzi. Sheria ya Kiislamu ina tahadhari ya pekee kwa biashara ya madume: imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume alikataza malipo ya kupandisha. Mafakihi wa Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hubatilisha ukodishaji wa dume kwa kazi hiyo. Wamaliki huukubali kwa muda au idadi inayojulikana, na zawadi isiyo na sharti haina ubaya. Bakewell, aliyejipatia jina kwa kukodisha kondoo dume, asingepata fatwa rahisi. Sababu inayotajwa ni kwamba mwenye dume hawezi kukabidhi anachokiuza, yaani mimba. Fahali mzima akiuzwa, linakuja sharti jingine: muuzaji aseme kasoro anayoijua, na akiificha mnunuzi ana haki ya kumrudisha.

Kasoro fiche ni mtihani mkali wa sharti hilo, kwa sababu fahali anayeibeba hupendeza macho. Miaka ya 1940 na 1950 Marekani ilikumbwa na ndama mbilikimo katika koo za nyama, hasa Hereford, wenye nyuso fupi na pumzi ya kukoroma, wengi wakifa wakiwa wadogo. Mtindo wa maonyesho wakati huo ulikuwa ng'ombe mfupi, mnene, aliyejaa, na wabebaji wa nakala moja walielekea kuwa na umbo hilo hilo. Waamuzi waliwavisha utepe, na waliozaliwa mbilikimo waliondolewa kimyakimya kabla mgeni hajafika.

Hapo ndipo swali la fahali bora linapodai jibu. Bora kwa nani, na kwa kazi gani? Wa maonyesho huulizwa umbo lake siku moja. Wa malisho huulizwa kama atatembea na majike 25 au 30 msimu mzima bila kuchechemea, kama korodani zake zimekamilika, kama mama yake alizaa kila mwaka kwa nyasi za mahali hapo bila kubembelezwa na pumba. Wamaasai nao humwangalia mama kabla ya kumwangalia dume, na hiyo ni busara: uwezo wa kushika mimba hurithiwa kwa kiasi kidogo na huathiriwa haraka na ukaribu wa damu, kwa hiyo haufichuliwi na sura ya mtoto bali na miaka ya mzazi.

Mwaka 2008 ng'ombe wa Angus wa Marekani waligundulika kuwa na kasoro ya ndama kuzaliwa wakiwa wamejikunja, iliyosambazwa na mafahali waliotumika sana kwa uhimilishaji. Kipimo kilipatikana upesi, na leo nywele chache za mkia zenye vishina vyake zinatosha. Visingizio vya kutojua vimepungua. Fahali anayebeba nakala moja si najisi: kwa majike waliopimwa wakawa safi hatazaa ndama mgonjwa hata mmoja, ingawa takriban nusu ya watoto wake wataibeba, na kama wote wanakwenda machinjioni hakuna atakayeirithisha. Kumpandisha kwa binti zake bila kuwapima, au kumuuza kwa jirani bila kumwambia, ni jambo jingine.