Mwacheni Aende Mlimani Akasome Muziki

Mwaka 2002 kilitoka Chicago kitabu cha Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, kiitwacho Performing the Nation. Kinazungumzia muziki na siasa za utamaduni Tanzania, na sehemu kubwa ya habari zake imechotwa Tanga. Mwandishi alikaa hapa miaka ya tisini, akahudhuria harusi na mazoezi ya vikundi vya taarabu, akapanda jukwaani na wanamuziki wetu. Alimtazama mwanamke anavyoinuka kitini, noti mkononi, kwenda kumtunza mwimbaji, akataka kujua ile noti inasema nini na inamsema nani. Sisi tuliokuwa tumekaa viti vya nyuma tulijua jibu. Hakuna aliyetuambia kwamba jibu hilo ni elimu.

Nakitaja kitabu hicho kwa sababu mtaani kwetu Ngamiani kuna nyumba haijapata utulivu tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke. Binti amefaulu vizuri, na anachotaka ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, muziki na sanaa za maonyesho. Mama yake hataki kusikia. "Kaka, mtoto huyu nimemsomesha kwa vitumbua," aliniambia. "Leo nimpeleke Mlimani akajifunze kuimba? Kuimba si anaimba hapahapa?"

Ndani ya maneno hayo kuna mambo mawili, njaa na heshima. Njaa inasemwa wazi. Heshima haisemwi, lakini ndiyo inayouma zaidi. Pwani yetu haiwezi kuoza binti bila muziki, na bado mtu hapendi binti yake ndiye awe mwenye kuimba. Tunamwita mwimbaji, tunamtunza, tunakariri mashairi yake mwezi mzima, kisha tunamtilia shaka tabia.

Ni nani hasa tunaowatilia shaka? Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki Agosti 2016, aliimba na Black Star na baadaye Lucky Star, vikundi vya Tanga vilivyoigeuza taarabu. Kabla yao taarabu iliyosifiwa ni ile ya Unguja, yenye safu ya fidla, udi na kanuni, hadhira imekaa kwa adabu. Vijana wa Tanga wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakaweka mdundo unaomnyanyua mtu kitini, na mtindo huo ukavuka mpaka hadi Mombasa. Upande wa dansi walikuwapo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mji ukagawanyika kwa bendi kama unavyogawanyika kwa Coastal Union na African Sports. Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, ambako walianzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Gitaa ambalo Wakenya wa rika fulani hulikumbuka kama la ujana wao lilijifunzia kutembea hapa.

Hakuna hata mmoja wa hao aliyehitaji shahada ili apige, na hapo mama wa binti ana hoja. Muziki haukungoja chuo. Lakini niulize: nani anaweza leo kukaa na kijana wa miaka kumi na minane akamweleza jinsi gitaa la rithimu la Jamhuri lilivyokuwa likijibizana na solo? Nani aliandika majina ya waliotunga mashairi ya Black Star, yakawekwa mahali yasipoweza kupotea? Wapo wazee wanaokumbuka, wametawanyika Makorora, Chumbageni, Msambweni, na kila mwaka wanapungua. Kanda nyingi zimeliwa na chumvi na joto la mji huu. Mgeni alipokuja na daftari aliandika, tunamshukuru. Mtoto wa nyumbani akishika daftari tunamwambia akasome uhasibu.

Nasema hivi bila kuudharau uhasibu.

Idara ya sanaa pale Mlimani haikuzaliwa kwa ajili ya kufundisha watu kuchezacheza. Ilianza miaka ya mwisho ya sitini, wakati nchi ikijiuliza ina sura gani baada ya mkoloni. Ebrahim Hussein, mtoto wa Lindi, alitoa Kinjeketile mwaka 1969, na vita vya Maji Maji vikapata sauti jukwaani kwa Kiswahili. Penina Muhando, tunayemjua sasa kama Profesa Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972. Jambo ninalolipenda zaidi katika historia ya idara hiyo ni kwamba walimu wake hawakukaa kilimani. Mwaka 1982 na 1983 Mlama na Amandina Lihamba, pamoja na wenzao, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Walikaa na wanakijiji, wakachukua ngoma na michezo iliyokuwapo, na kwa njia hiyo wakafungua mazungumzo juu ya mimba za mabinti na vijana wasio na kazi. Mambo ambayo mkutano wa hadhara usingeweza kuyataja yalichezwa mchana kweupe. Mama anayeogopa kwamba sanaa itamharibu binti angefaa kuijua Malya.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Mtoto wa Tanga anayefika darasa la muziki anafika na sikio ambalo limeshafundishwa. Amesoma kaswida madrasa, amekua na adhana, amesikia dufu kwenye maulidi, na bibi yake akitoka Lushoto amecheza mdumange. Katika taarabu ya zamani yenye damu ya Misri kuna sauti zinazokaa kati ya kibonye kimoja cha piano na kinachofuata. Mwimbaji huzipata kwa koo, mpiga udi huzipata kwa kidole kwa sababu udi hauna vizuizi kwenye shingo yake. Mwalimu aliyelelewa na piano peke yake anaweza kumsikia mtoto huyo akadhani amekosea. Nota zinaandika mengi, na nataka binti azijue barabara, maana asiyejua kuandika muziki hutegemea kumbukumbu ya mwingine. Ila asirudi nyumbani akimwona babu yake wa fidla kuwa mjinga wa muziki.

Dawa ya hofu hiyo ipo, na haiko mbali. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ambako udi, kanuni na fidla hufundishwa na watu wa taarabu wenyewe. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, TaSUBa tunayoijua leo, ambako ngoma za makabila ni somo sawa na uigizaji. Chuo kikuu kina nafasi ya kufanya jambo ambalo vyuo hivyo haviwezi kulifanya kwa ukubwa ule: kuchunguza, kuandika, kuhifadhi, na kumpa mzee cheo cha mwalimu. Mpiga besi wa miaka sabini na mitano akialikwa darasani Mlimani na kulipwa kama mhadhiri mgeni, heshima ile ambayo mama wa binti anaitafuta itaanza kuonekana.

Na njaa? Sitamdanganya mama mwenye sufuria la vitumbua kwamba shahada ya muziki ni mshahara. Wengi wanaoisoma huishia kuunganisha kazi mbili tatu: kufundisha, kurekodi, kutunga kwa ajili ya filamu na redio, kuongoza kwaya. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi shuleni, na shule zitahitaji walimu waliosoma kweli, si yule anayepewa kipindi kwa sababu ana sauti nzuri. Hiyo ni riziki ya halali, si pungufu kuliko ya wengine. Lakini hata ingekuwa nyembamba kuliko hivyo, ningesema aende, kwa sababu mji uliotoa muziki mwingi kiasi hiki unadaiwa angalau mtoto mmoja wa kuusimamia.

Binti nimemtaka jambo moja. Chuo hakifunguliwi hadi baadaye mwaka huu, na simu yake inarekodi vizuri. Nimempa majina ya wazee wanne, mmoja alikuwa mpiga bongo, na nimemwambia aende asubuhi, wakiwa na nguvu, asiende mikono mitupu, na aulize kwanza waliimba na nani kabla hajauliza waliimba nini. "Sawa, mjomba," amesema. Mama yake bado hajakubali. Ijumaa baada ya swala nitapita tena kuzungumza naye, na safari hii naenda na mmoja wa wazee hao, maana kumbe yeye na mama huyo walisoma madrasa kwa maalimu mmoja.