Ukurasa Huu ni wa Nani?

Kisheria hakuna ubishi: mchoro ni mali ya aliyeuchora. Lakini sheria haijawahi kusimama stejini hapa Kiplombe ikaambiwa na mama wa mahindi choma, "Kijana, huyo si ni mimi? Basi nipe."

Rafiki yangu mchoraji alikataa, na si kwa uchoyo. Daftari lake la michoro limeshonwa kwa uzi. Karatasi moja imekunjwa katikati ikawa mbili. Ukichana ya kushoto, pacha wake wa kulia analegea. Tena nyuma ya sura ya mama kuna mikono ya kondakta, aliyoirudiarudia mpaka ikakaa sawa. Daftari ni chombo cha kazi, aliniambia, kama jembe. Nani hukata mpini agawie majirani?

Alijitolea kumchorea nyingine. Mama akafunga kitambaa upya, akanyoosha shingo, akatabasamu. Ikatoka picha ya mtu anayechorwa. Katika ile ya kwanza alikuwa anapepea makaa, hana habari na mtu. Uzuri wake ulitoka hapo hapo, kwa kutojua kwake. Yaani alichangia kitu ambacho hakuombwa. Alipoambiwa itapigwa picha kwa simu atumiwe, alicheka tu: za simu anazo.

Kwani kuomba ruhusa kungemaliza mambo? Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alipewa kazi na serikali ya kikoloni kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya. Mwaka 1967 akatoa kitabu, The Peoples of Kenya. Watu walikaa mbele yake wakijua wanachorwa. Hata hivyo michoro mingi iliishia makumbusho Nairobi, mbali na wengi wa wenye sura. Ruhusa husema unaweza kunitazama. Haisemi picha yangu ikaishi wapi.

Mimi ningeuchana. Pacha akilegea, gundi ipo. Mikono ya kondakta ikienda na mama, sawa, kwa sababu mkono wa mchoraji umeshajifunza, na daftari lilinunuliwa kwa kazi hiyo. Jembe linaloogopa kukwaruzwa limekuwa pambo. Na mchoraji akipoteza kidogo, ni haki. Mama alitoa kwanza.

Mpaka leo hajauchana. Na mama, kila tukipita, bado anauliza.