Injili ni Nini Hasa?

Nilipokuwa mkufunzi, na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa na desturi moja ambayo wanachuo wangu hawakuipenda. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimsimamisha mwanachuo mlangoni kabla hajaingia darasani, nikalichukua andalio lake la somo, nikalifunga, kisha nikamwuliza: "Haya, niambie kwa sentensi mbili, watoto hawa watajua nini utakapotoka humu?" Wengi walijikuna kichwa. Zana walikuwa nazo, mifano walikuwa nayo, malengo wameyaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Lakini jambo lenyewe la kufundishwa hawakuwa nalo. Nilikuwa nikiwarudisha nyuma dakika tano wakalitafute. Nakiri kwamba nilifurahia kidogo kuwaona wakihangaika.

Sikujua kwamba swali hilo lingekuja kunigeukia mimi mwenyewe uzeeni.

Baada ya kustaafu nilichaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa, nikaendelea na kazi niliyokuwa nimeianza zamani ya kufundisha darasa la kipaimara kila Jumamosi. Mwaka mmoja niliwapa vijana vipande vya karatasi siku ya kwanza, nikawaomba waandike sentensi moja tu: Injili ni nini? Hawakuwa watoto wa mitaani hawa. Walikuwa wamezaliwa na kulelewa kanisani, wamepitia shule ya Jumapili, na baadhi yao wazazi wao ni waimbaji wa kwaya. Mmoja aliandika kwamba Injili ni kuwaheshimu wazazi. Mwingine aliandika kuwa ni kuacha dhambi na kutoa zaka. Wapo walioandika kuwa ni vitabu vinne, na hao angalau walikuwa karibu na ukweli. Kijana mmoja aliandika kwa herufi kubwa kwamba Injili ni aina ya muziki.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kaka na dada za vijana hao walikuwa wamepita mikononi mwangu.

Mimi mwenyewe nilipata kipaimara katika miaka ya 1960. Tuliikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther tangu mwanzo hadi mwisho, na asiyekariri aliionja fimbo. Ndugu msomaji, huenda hujui kitabu hicho kilivyoandikwa. Mwaka 1528 Luther alizunguka katika makanisa ya Saksonia kuyakagua, akakuta watu wa vijijini hawajui lolote la imani yao, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Aliporudi aliandika kitabu kidogo, kikachapwa mwaka 1529, ili baba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Baada ya kila fungu aliweka swali fupi la kuuliza maana. Naam, sisi tulilikariri hata hilo swali! Tulijibu maana bila kutafuta maana. Kitabu kilichoandikwa kuondoa ujinga tukakigeuza kuwa blanketi la kuufunika.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika.

Mwaka 2014 kaka yangu mkubwa aliugua ugonjwa ambao sote tulijua hatapona. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa maneno machache, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakukosa ibada ila kwa ugonjwa au msiba. Jioni moja tulibaki wawili chumbani. Akaniita kwa jina alilonizoeza tangu nilipopata cheti, ingawa mimi ndiye mdogo: "Mwalimu, wewe unafundisha kipaimara. Hebu niambie, alama za kufaulu ni ngapi?"

Nilidhani homa imempanda. Nikamwuliza, "Alama zipi, kaka?"

"Za huko ninakokwenda. Nimekuwa nikihesabu usiku. Ahadi ya jengo sijaimaliza. Ile kesi ya mpaka na jirani niliishinda kwa uongo kidogo. Yapo na mengine. Najumlisha, naona sifiki."

Nilimjibu kama mwalimu mpole amwongezeaye mtoto alama. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, amekuwa mtu mwema, kanisa lote linamjua, amesomesha yatima wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. "Umenihurumia tu, Mwalimu," akasema.

Usiku ule sikulala. Mtu niliyempenda kuliko wote alikuwa ameniuliza swali moja lililo kiini cha dini yetu, nami nikampa jibu ambalo angeweza kupewa na mtu yeyote asiye na dini kabisa. Nilikuwa nimeifunga Injili ndani ya andalio la somo.

Alfajiri nilirudi. Nilimwambia kwamba hesabu yake ni sahihi, kweli hafiki, na mimi pia sifiki. Wala hakuna alama za kufaulu, kwa kuwa mtihani huo umekwisha kufanywa na mwingine kwa niaba yetu. Nikamkumbusha yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Hakubatizwa, hakupata kipaimara, hakuwa na bahasha ya ahadi, na mikono yake imepigwa misumari hata asiweze kumtendea jirani jambo jema. Aliomba akumbukwe tu, naye akaahidiwa mahali siku ile ile. Nikamkumbusha pia mwana mpotevu, aliyekuwa ametunga hotuba ya kuomba kazi ya kibarua, lakini baba yake hakumwacha afike kwenye sehemu ya kibarua.

Kaka alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na haya mlikuwa nayo siku zote?"

"Tulikuwa nayo."

"Mbona hamkusema?"

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafutia jibu swali hilo. Kusema kweli, hatukunyamaza kabisa. Maneno yalisomwa kila Jumapili. Ila yalisomwa katikati ya mambo mengine mengi, na sikio la mwanadamu hushika linalorudiwa na kudaiwa. Kilichorudiwa na kudaiwa ni matendo na michango.

Halafu kuna lugha yetu. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, basi msomaji anistahimilie kidogo. Mtoto akivunja kikombe hatasema "nimekivunja", atasema "kimevunjika". Kauli hiyo inaficha mtendaji, na ndiyo sababu watoto wote huipenda. Sasa neno letu kuu kanisani ni "kuokoka", nalo ni la kauli ile ile. Mtu akisema "nimeokoka", hajasema nani amemwokoa. Wazee wa Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika mpaka Buhaya hawakuwa na hatari hiyo, maana ushuhuda wao haukufika mbali kabla ya kuutaja msalaba. Lakini siku hizi nasikia mtu akisema ameokoka, na kinachofuata ni orodha: ameacha pombe, ameacha sigara, anafunga kila Ijumaa. Mtendaji amekuwa yeye. Laiti tungezoea kusema "nimeokolewa", kila anayesikia angeuliza mara moja, na nani?

"Neema" nalo ni neno la pwani lenye asili ya Kiarabu, na kwa mkulima mwaka wa neema ni mwaka wa mvua nzuri na ghala kujaa. Ni neno zuri sana. Ila mhubiri asipolieleza, msikilizaji analielewa kama alivyolielewa sokoni. Wapo waliogundua jambo hilo mapema kuliko sisi, wakajenga juu yake huduma kubwa zenye vipaza sauti: neema ni gari, neema ni viza, neema ni chupa ya mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Wachungaji wengi walimlaumu mhubiri. Mimi nilifikiria zaidi darasa langu la Jumamosi. Mtu aliyefundishwa barabara kwamba lililo kubwa limekwisha kutendwa kwa ajili yake, tena bure, hukimbilia nini gizani?

Basi Injili ni nini? Nijaribu sentensi mbili, nami nisimame mlangoni kama nilivyowasimamisha wengine. Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, na siku ya tatu akafufuliwa. Kwa sababu hiyo Mungu humsamehe na kumpokea kila anayemtumaini Kristo, bila kungoja awe amestahili. Mambo ya sentensi ya kwanza si yangu. Paulo aliyataja kwa mpango huo katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, akiwaambia kwamba na yeye aliyapokea. Angalia vitenzi vyake. Hakuna hata kimoja ambacho mtendaji wake ni mimi au wewe.

Ndiyo maana tafsiri ya neno hilo ni habari njema, wala si shauri jema. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baba yangu hakuwa amepigania chochote. Alikuwa akipalilia kahawa. Habari ilimkuta shambani jambo limekwisha. Hakuombwa ailete siku hiyo, wala hakuombwa kuistahili. Aliambiwa tu, akaiamini, na nakumbuka alivyotembea kwa namna nyingine siku ile kurudi nyumbani. Kazi ilikuja baadaye, tena kazi nyingi, lakini ilikuja ikiwa kazi ya mtu aliye huru. Najua mfano huu una mipaka, kwani uhuru wa nchi ulipiganiwa na watu wengi, tena kwa muda mrefu. Nauchukua kwa upande mmoja tu, ule wa habari kumfikia mtu wakati yeye ana jembe mkononi.

Kuna pingamizi, nami nimelisikia mara nyingi katika vikao. Mzee mwenzangu mmoja aliniambia waziwazi: "Mwalimu, ukiwaambia watu kwamba ni bure, nani atatoa? Nani ataacha wizi?" Simdharau. Yeye ndiye anayejua bei ya mabati na mshahara wa mwinjilisti. Na pingamizi hilo ni la zamani. Paulo aliulizwa lile lile, akalijibu katika waraka kwa Warumi. Mimi nina jibu dogo zaidi, la kijijini. Siku ya nne baada ya mazungumzo yetu kaka yangu aliagiza jirani yake aitwe. Akamwambia mbele ya wanawe kuhusu ule mpaka, akawaagiza wanawe waung'oe mmea wa mpaka na kuurudisha mahali pake. Miaka hamsini ya kuambiwa asiseme uongo haikumtoa neno hilo. Alilitoa alipoacha kuogopa. Nilikuwapo, nikaona jinsi jirani alivyokosa la kusema, akabaki ameshika kofia yake. Kaka alifariki majuma matatu baadaye.

Upande wa pili pia nimeuona. Katika usharika mmoja nilihudhuria mazishi ambapo mchungaji hakuja, wala kengele haikupigwa, kwa sababu marehemu, mama mjane, alikuwa na deni la michango ya miaka kadhaa. Wazee walikuwa na kanuni, na kanuni ilifuatwa. Tulimzika wenyewe, mwalimu mmoja mstaafu akisoma sala. Wajukuu wake walisimama kando ya kaburi wakitazama. Hakuna mahubiri ambayo yangewafundisha kwa nguvu kuliko somo lile, na somo lile lilikuwa kinyume kabisa cha Injili. Siku hiyo sikupinga mbele ya watu. Niliona si mahali pake, nami bado sijaridhika na sababu yangu hiyo.

Sasa darasani nimepunguza mambo. Amri Kumi bado tunazisoma, na kukariri sijakuacha, maana kilichomo kichwani mtu anaweza kukiita usiku. Lakini kila Jumamosi tunaanza na zile sentensi mbili, na kila kijana huzisema kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa lugha ya nyumbani kwao akipenda, na wenzake humwuliza maswali mpaka achoke. Wameanza kuwa wakali kama nilivyokuwa mimi mlangoni.

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukikusanya vitabu, msichana mmoja mnyamavu alinyoosha mkono. "Mwalimu," aliuliza, "kama ni bure, mbona kila mwisho wa mwezi zinasomwa namba za bahasha za wasiotoa?" Bibi yake yumo katika namba hizo, jambo hilo nalijua. Darasa zima lilinitazama. Nilimwambia kwamba swali lake ni la haki, kwamba sitalijibu peke yangu, na kwamba nitalipeleka kwenye kikao cha wazee kama alivyoliuliza, bila kulipunguza neno. Amenitaka niliandike ili nisisahau. Nimeliandika, na kikao ni Jumapili ijayo.