Nani ni Nabothi?

Kisa cha shamba la mizabibu la Nabothi, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 21, kinajulikana sana. Mfalme Ahabu alilitaka shamba hilo, Nabothi akakataa kutoa urithi wa baba zake, na Yezebeli, mke wa mfalme, akapanga mashahidi wa uongo hadi Nabothi akapigwa mawe akafa. Swali la insha hii ni hili: kisa hiki kikihubiriwa mbele ya watu wawili wanaogombea shamba moja, tafsiri ya nani ndiyo sahihi?

Kwetu Rumonge swali hilo si la darasani tu. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia mauaji, na wengi wakavuka kwenda Tanzania. Nyuma yao mashamba yalichukuliwa au yakagawiwa wengine. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurudishiwa mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Lakini waliorudi walikuta familia zilizokwisha kulea watoto na kuzika wazee juu ya ardhi ile ile.

Aliyerudi akisikia kisa hiki hujiona Nabothi, kwa kuwa alinyang'anywa urithi. Aliyepo, ambaye alipewa shamba na serikali au alilinunua kwa fedha zake, naye hujiona Nabothi anayeondolewa na wakubwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ibada nzima hujaa akina Nabothi, na Ahabu haonekani.

Wengine watasema dawa ni kuacha kulinganisha, kwani kisa ni cha Israeli ya kale. Sikubaliani nao. Mahubiri huishi kwa kulinganisha. Katika Kitabu cha Mormoni, Nefi anaeleza kwamba aliyalinganisha maandiko na hali ya watu wake ili wapate faida. Kosa linaanza pale msikilizaji anapojichagulia nafasi nzuri peke yake.

Nabii Nathani alimsimulia Daudi habari ya tajiri aliyechukua mwanakondoo wa pekee wa maskini. Daudi alikasirika, akahukumu, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Katika Kurani, Sura Saad, Daudi analetewa shauri la kondoo 99 na mmoja, na baadhi ya wafasiri husema alikosea kwa kuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Vitabu vyote viwili vinamtaka msikilizaji ajihoji.

Je, ni haki kumwambia mkimbizi aliyepoteza kila kitu ajitafute ndani ya Ahabu? Hapana. Kujihoji hakuwezi kudaiwa kwa kiasi kimoja kwa aliyenyang'anywa na kwa anayeshikilia. Lakini kisa kina watu wengine tunaowasahau: wazee wa mji. Walipokea barua zenye muhuri wa mfalme, wakatii, na mtu akafa. Huenda wagombea wawili wa Rumonge wote si Ahabu, ila kuna aliyegonga muhuri na kuna waliotii.

Kwa hiyo tafsiri njema, kwa maoni yangu, ni ile inayomfanya kila msikilizaji aulize nafasi yake, kuanzia mwenye muhuri. Mahubiri hayawezi kuamua mpaka wa shamba. Hiyo ni kazi ya sheria. Yanaweza kuwafanya wawili hao wasikilizane kabla ya kufika huko.